Boda wamezeeka, sheria imebaki palepale

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Arusha. Walioikosa walisema niiweke, nimeiweka.

Makamanda. Leo siongelei uchaguzi, naomba msinizomee.

Nianze na hesabu ndogo. Kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilitoka mwaka 2010. Tangu hapo tunaimbiwa kwamba boda ni ajira ya vijana. Sawa. Aliyeingia kijiweni mwaka ule akiwa na miaka 35, leo yuko wapi? Yuko kijiweni palepale, ila sasa anagonga 50. Pita Kilombero alfajiri, pita Mianzini, Sakina, Ngaramtoni, Tengeru. Utawakuta, wenye mvi chini ya helmeti.

Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Ana miaka 54. Mwaka jana mwezi wa saba, jioni ya baridi na ukungu, alikuwa anashuka na ile barabara ya vumbi kutoka huko juu mlimani. Gari lililokuwa linapanda likammulika taa kali. Sekunde mbili tatu hakuona kitu, tairi la mbele likaingia kwenye mfereji. Hakugongwa na mtu. Alivunjika nyonga. Kijana wa kijiwe hichohicho alianguka mwezi uleule akavunjika mguu, na leo yuko barabarani. Baba mdogo bado anatembea na gongo.

Hapo ndipo umri unapoingia. Mtu mzima akimulikwa, macho yake yanachelewa kurudi. Mfupa wake unavunjika upesi na kuunga polepole. Sisemi wazee wanaendesha vibaya, wengi wana adabu ya barabarani kutushinda. Ila uzoefu hauungi mfupa.

Na si kwetu tu. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kila watu 100 waliokufa kwa pikipiki, wenye miaka 50 na zaidi walikuwa kama 3. Siku hizi ni karibu theluthi moja. Tofauti ni kwamba kule wengi wao wanaendesha kwa starehe. Hapa mzee asipoendesha, jiko haliwaki.

Sasa sheria. Nilichukua karatasi za pikipiki ile nikijua nitapata kitu, si ndiyo nasoma sheria? Bima ilikuwepo, hai kabisa. Lakini ni bima ndogo, ile ya lazima chini ya Sura ya 169. Inamlinda mtu wa tatu. Abiria angeumia, angeweza kudai. Mama aliyekuwa anavuka barabara, angeweza kudai. Dereva mwenyewe hayumo. Nikageukia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huo ni wa mwajiriwa. Baba mdogo anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, lakini kwenye karatasi hana mwajiri. Nilifunga vitabu. Tuliuza ng'ombe wawili.

Makamanda, Mei 2017 taifa lilisimama kwa ajili ya watoto wa Lucky Vincent. Februari 2024 tulilia tena, watu 25 pale Ngaramtoni. Ilikuwa haki kulia. Lakini pikipiki inachukua mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna kiongozi anayekuja msibani. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya 2010 na 2021 vifo vya barabarani vilipungua duniani kwa asilimia 5. Afrika vikaongezeka kwa asilimia 17.

Tudai nini? Moja, bima ya lazima ya pikipiki ya biashara imguse na dereva, na mchango utoke kwa mwenye chombo. Mbili, helmeti yenye ubora kwa dereva na abiria. Tafiti zinaonyesha helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia iliyopasuka ambayo mtu anaivaa akimwona trafiki haimsaidii. Tatu, upimaji wa macho wa bure, ufuate madereva kijiweni. Lengo ni kuwapa miwani, siyo kuwanyang'anya leseni. Atakayesema wazee waache tu boda, atuambie kwanza wale nini.

Halafu tujiseme na sisi. Kampeni ikifika, vyama vyote, chetu kikiwemo, tunawamwagia boda mafuta waongoze msafara. Wanapiga mishikaki, hawana helmeti, honi juu, na sisi tunarekodi video na kushangilia. Siku ya pili akilazwa hatujui hata wodi. Huwezi kudai sheria mchana na kuivunja jioni kwenye msafara wako. Napendekeza kikao hiki kiamue leo: asiye na helmeti haingii kwenye msafara wetu, na abiria ni mmoja.

Na Jumamosi kila mmoja aende kijiwe cha mtaani kwake. Mtafute mkubwa kuliko wote, mwamkie, muulize: "Mzee, ukianguka wewe, bima yako inakulipa?" Wengi wanaamini inawalipa. Baba mdogo naye aliamini hivyo.