Mtoto wa Misima Asome Juu ya Mti wa Misima

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wazazi, walimu na vijana huko Misima, Wilaya ya Handeni. Tunayachapa yote kwa kuwa habari yake yahusu kila kijiji.)



Najua wengi wenu mmetoka shamba na jua limekwisha panda, kwa hiyo sitawachosha. Nimekuja na jambo moja tu, nalo ni vitabu vya watoto. Huenda mtu akasema moyoni mwake, "Huyu naye! Sisi tuna shida ya maji, tuna shida ya bei ya mahindi, yeye atuletea habari za vitabu vya watoto." Nakuomba, ndugu yangu, unisikilize mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe kama vitabu hivyo na maji yako ni mambo mawili au ni jambo moja.

Nitaanza na kisa. Siku moja nilikaa katika darasa la watoto wadogo, katika shule ambayo sitaitaja. Mwalimu aliwaambia watoto wachore mti. Nje ya dirisha ulikuwapo mkuyu mkubwa, matawi yake yamefunika nusu ya uwanja. Watoto karibu wote wakachora mti wa pembe tatu, umechongoka juu kama kofia ya karatasi, mfano wa miti ya Ulaya inayoota penye theluji. Nikamwuliza mmoja wao, "Mwanangu, mti huu uko wapi?" Akanijibu bila kusita, "Uko kitabuni."

Mtoto yule hakukosa. Alichora mti ambao kitabu kilimfundisha kuwa ndio mti. Ule mkuyu wa nje kwake ulikuwa kivuli cha kuchezea na kuni za kupikia, basi. Sasa nawauliza, wazazi wenzangu: mtoto ambaye hajapata kuuona mkuyu wake kuwa ni mti, akikua na kupewa shoka, atausaza kwa sababu gani?

Wazee waliopo hapa wanajua kwamba nchi hii ya Uzigua haikukosa walinzi wa misitu. Tangu zamani ilikuwapo misitu midogo midogo ya matambiko, huu wa ukoo huu na huu wa ukoo ule, na hakuna aliyethubutu kuingia na panga. Wataalamu waliozunguka wilaya hii ya Handeni katika miaka ya 1990 walikuta misitu ya namna hiyo kwa mamia, mingine midogo kuliko kiwanja cha mpira. Hakuna askari wa misitu aliyeilinda, wala hapakuwa na bango. Iliyolinda ni heshima, na pamoja na heshima ilikuwapo hofu ya mizimu.

Leo kijana wa miaka ishirini haiogopi mizimu. Mimi simlaumu, kwani amesoma, ana dini yake, ana redio na simu. Lakini tazameni tulivyofanya. Hofu tuliiondoa, na mahali pake hatukuweka kitu. Mlango uliokuwa na komeo tumeliondoa komeo, wala hatukuweka kufuli. Kisha twashangaa mwizi ameingia! Mimi nasema kitu cha kuweka mahali pa hofu ni maarifa, na maarifa hayo hayana budi kuingia mapema, mtoto angali mdogo. Samaki mkunje angali mbichi.

Ndiyo maana nasema habari za vitabu.

Lakini si kila kitabu chenye picha ya tembo ni kitabu chema kwa mtoto wetu. Vipo vitabu vingi juu ya wanyama na misitu ya Afrika vilivyotungwa mbali na huku, na katika vingi hadithi ni ile ile: Mwafrika ni yule anayekata, anayechoma na anayewinda, na mwokozi ni mgeni aliyekuja na darubini. Mtoto wetu akisoma hayo hujifunza mambo mawili: kupenda twiga, na kudharau babu yake. Hilo la pili ni sumu.

Ukweli ni upi? Ukweli wa Handeni umeandikwa. Mwaka 1992 mwanahistoria mmoja Mmarekani, James Giblin, alitoa kitabu kizima juu ya nchi hii, toka mwaka 1840 mpaka 1940. Alieleza jinsi wakulima na wafugaji wa huku walivyoitawala nyika yao. Walijua wapi pa kufyeka na wapi pa kuacha. Walikaa na ng'ombe wao kwa mpango, pori likawa mbali na mazizi, na mbung'o akawa mbali na ng'ombe. Kisha mwisho wa karne ya 19 yakaja maradhi ya sotoka, zikaja nzige na njaa, ukaja utawala wa Kijerumani na kodi yake, na baadaye vita vya 1914 na uchukuzi wa mizigo wa kulazimishwa. Nguvu za vijiji zikavunjika, watu wakatawanyika, pori likarudi, na mbung'o akarudi nalo. Ng'ombe wakafa. Baadaye mgeni akaja kutazama pori lile akasema, "Nchi hii ni mwitu tangu asili, na watu wake hawajui kuitunza." Pori lile lilikuwa jeraha, yeye akadhani ni ngozi.

Habari hiyo imo katika kitabu cha Kiingereza cha watu wazima. Mtoto wa Misima ambaye ni habari ya babu zake hasa, hana hata kurasa kumi za Kiswahili zenye picha za kumwambia hayo.

Tuinue macho tutazame kaskazini, milima ya Usambara, ambayo ndugu zetu wa Korogwe wanaishi mabondeni mwake na migongoni mwake. Katika misitu ile kuna ua dogo la rangi ya zambarau, laota penye kivuli na unyevu, kwenye mawe. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka ua hilo kwao, na mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina lake, Saintpaulia. Leo ua hilo limo madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Bibi kizee wa Berlin hulimwagilia maji kila asubuhi. Je, ni watoto wangapi wa Korogwe wanaoweza kulionyesha kwa kidole? Sisemi hayo ili tumchukie bibi kizee wa Berlin. Yeye analitunza. Nasema ili tuone haya kidogo, kwani mali yetu imesomwa na wote isipokuwa sisi.

Tutazame na jirani zetu wa Kenya. Mama Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akawaongoza wanawake wa vijijini kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Katika kitabu cha maisha yake alichotoa mwaka 2006 alisimulia kwamba alipokuwa mtoto, mama yake alimkataza kuokota kuni za mkuyu mmoja uliokuwa karibu na kijito, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Alipokuwa mtu mzima alirudi akakuta mkuyu umekatwa na kijito kimekauka. Hapo akafahamu kwamba katazo la mama yake lilikuwa na elimu ndani yake: mizizi ya mti ule ndiyo iliyoshika maji. Wazee wa Uzigua, je, kisa hicho ni kigeni kwenu?

Watoto wa Marekani wanamsoma Mama Wangari. Mwaka 2010 kilitoka huko kitabu cha picha nzuri sana, kimetungwa na Donna Jo Napoli na kuchorwa na Kadir Nelson. Jina lake ni Mama Miti. Jina la Kiswahili juu ya jalada! Fungua ndani, ni Kiingereza. Lugha yetu imesimama mlangoni kama bawabu, na wenye kula karamu ni wengine.

Hata hivyo si haki kusema kwamba huku hakuna kilichofanyika. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991, nao umetoa vitabu vingi vya Kiswahili vilivyotungwa na waandishi wetu. Mwaka huo huo, hapo Dar es Salaam, wanafunzi kumi na wawili walikutana na Jane Goodall wakaanzisha Roots & Shoots, maana yake mizizi na machipukizi, na leo vikundi vyake vimeenea nchi nyingi duniani. Tena kuna hadithi ya Mama Wangari kwa Kiswahili, Mbegu Ndogo, iliyotolewa na African Storybook wa Afrika ya Kusini, na wenyewe wameruhusu mtu yeyote kuichapa bila malipo. Njia ipo. Iliyobaki ni miguu.

Sasa nafika mahali pagumu, nami sitapita pembeni.

Hapa kati yetu yupo baba anayechoma mkaa. Anauchoma kwa sababu mvua ilikosa, mahindi yakakauka, na mtoto anataka sare na madaftari. Magunia yanapangwa kando ya njia kuu, na malori yanayapeleka Dar es Salaam. Mtoto huyo akipewa kitabu kinachosema "Mkata miti ni adui," atasoma nini? Atasoma kwamba adui ni baba yake, naye amevaa sare iliyonunuliwa na adui. Kitabu cha namna hiyo hakifundishi kulinda msitu. Chafundisha aibu, na mwenye aibu hujificha akaendelea kukata usiku.

Kitabu kinachotufaa ni kile kinachosema kweli yote. Kimwonyeshe mtoto kwamba katika tanuri letu la udongo, kilo 10 za kuni kavu hutoa kilo 1 au 2 tu za mkaa, na sehemu kubwa ya mti imekwenda na moshi. Kimwambie gunia linaanzia wapi, linaishia katika jiko la nani, na faida inabaki katika mfuko wa nani. Kifuate tone la maji: kutoka misitu ya Usambara, kuingia mito ya Mkomazi na Luengera, kumwagika Pangani, na kutoka Pangani kuingia lile bomba la HTM ambalo mji wa Handeni umelitegemea miaka mingi. Mtoto akifahamu hayo, hatamchukia baba yake. Atarudi nyumbani na swali: "Baba, tukikata wote, bomba litavuta nini?" Swali la mtoto lina nguvu kuliko amri ya ofisa. Amri huisha ofisa akiondoka, lakini mtoto analala nyumbani.

Wakubwa mnakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu kidogo pamoja, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Hakuna aliyesema kwamba kitabu ni mchezo. Kitabu kilishika jembe! Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, pamoja na mzigo wote wa nchi aliokuwa nao, alipata wakati wa kufasiri Shakespeare kwa Kiswahili. Ikiwa yeye aliweza kumfasiri mtu wa Uingereza aliyekufa zaidi ya miaka mia nne iliyopita, sisi twashindwaje kuandika maneno ya mzee wa Misima aliye hai?

Basi naomba tuondoke hapa na mambo matatu.

La kwanza, walimu wawatume watoto wa madarasa ya juu kwa wazee, kila mtoto mzee mmoja. Wamwulize mti gani watunza maji, mti gani ni dawa, mti gani hauchomwi na kwa nini, na majina yake kwa Kizigua na kwa Kiswahili. Yaandikwe katika daftari kama yalivyosemwa.

La pili, madaftari hayo yakusanywe, walimu wayatengeneze kwa Kiswahili sanifu, watoto wachore picha. Wachore mkuyu ulio nje ya dirisha. Kitabu cha kurasa ishirini kilichoshonwa kwa uzi kitatosha kuanza. Tusingoje mfadhili. Mfadhili akija, na akute kazi imeanza.

La tatu, mtoto asome kwa sauti nyumbani jioni, na baba na mama wakae wasikilize, hata yule baba wa mkaa. Yeye hasa.

Wazee wangu, nawaomba radhi kwa neno langu la mwisho, kwani ni zito. Ninyi ni wachache kuliko mwaka jana. Kila mmoja wenu anayetangulia anaondoka na msitu mzima kichwani mwake, na hakuna mche wa kuupanda tena. Msitu uliokatwa wenye mizizi waweza kuchipua. Uliosahauliwa hauchipui. Kwa hiyo mtoto akija kwako kesho na daftari lake, usimwambie, "Nenda ukacheze." Mpe kigoda akae.