Kese tatu, funguo tatu
Maneno ya mweka feza ku mkutano mkubwa wa wanamemba



Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, tangu ile 2005 meli zilipoanza kutufikisha Baraka. Kule Lugufu na Nyarugusu chakula kilikuja kwa kadi. Hapa kadi haiko, lakini mazoea tulivuka nayo.

Mnakumbuka mashini yetu ya kusaga muhogo. Tulipewa bure, tukapiga makofi. Tukasaga kwa bei ndogo sana, eti ni ya msaada. Mazuti tulilipa, msagaji tulilipa, lakini hakuna aliyeweka kando hata franga moja ya kutengeneza. Siku ilipoharibika, mradi ulikuwa umekwisha. Mama zetu wakarudia kinu. Hiyo si kosa ya mfadhili. Mweka feza ni mimi, na hesabu hiyo nilisaini.

Tuseme mashini inanunuliwa dolari 1.200 na inafanya kazi miaka 4. Hiyo ni dolari 25 kila mwezi. Hizo 25 si faida, hazigawanywe. Ni mashini ya kesho.

Wenye kuwa katika MUSO wanajua kese tatu. Ya kijani ni akiba yetu: mwanamemba anakopa, anarudisha na faida kidogo, kese inakua. Nyekundu ni ya ugonjwa na kilio: ikitoka, hairudi. Buluu ni feza ya kutoka inje. Sisi tulichanganya. Feza ya buluu ilizika wafu wetu, na tukaacha kuchanga nyekundu. Buluu ilipokauka, yote ikakauka.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Kwanza, tutengeneze mashini kwa mchango wetu, na bei ya kusaga ipande kidogo. Najua mtanung'unika, bibi yangu wa kwanza. Lakini kutwanga siku nzima nako kuna bei yake. Pili, kese iwe na funguo tatu kwa watu watatu, na hesabu isomwe kwa sauti kila miezi mitatu. Tatu, mjane asiyeweza kuchanga feza achange kazi, asifukuzwe.

Kwenu wafadhili: hatusemi tumeshiba. Vita, ao mafuriko kama yale ya Uvira ya Aprili 2020, kese ya kijiji haiwezi kuyabeba. Hapo mtusaidie. Lakini siku za kawaida, mkitupatia, mtuulize kwanza: "Ninyi mmeweka ngapi?" Na mkimaliza, mtuulize tena: "Hesabu iko wapi?" Swali hilo halitatukasirisha.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tulikimbia mengi. Tusife kwa hiyo.

Nimesema.