Nyumba ya Udongo na Makuti

Apitaye leo Mchafukoge na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, baina ya maghorofa na vishindo vya biashara, ataona taabu kusadiki kwamba mitaa ya Kariakoo iliwahi kujaa nyumba za miti na udongo, ambazo mafundi wake walizijenga kwa kuitii tabia ya pwani.

Fundi alisimamisha nguzo, na boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji zilipendwa kwa kuwa mchwa hawaziwezi upesi. Kisha akafunga fito kwa kamba, akajaza udongo, akakandika, hatimaye akaezeka makuti kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiilalia ile iliyotangulia, ili maji ya masika yateremke bila kupata upenyo. Ndani, ukumbi ulinyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani, ukiupa upepo njia; nje, upenu ulizikinga kuta na kuwapa kivuli waliobarizi.

Atakaye kuitazama hekima hii kwa macho yake, na aende Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kilichoanzishwa mwaka 1966. Nanyi mnaojenga leo, hata kwa saruji, tafadhalini: yakabilisheni madirisha, refusheni upenu, pandeni mti uani. Mkiezeka makuti, jiko liwe mbali na paa, kwani makuti hushika moto upesi. Wala mikoko isikatwe ila kwa kibali, maana ndiyo himaya ya pwani na mazalio ya samaki wetu. Nyumba iliyojengwa kwa insafu humstiri mwenyewe, wala haimdhulumu jirani yake wala ardhi iliyoibeba.