Pipa la moshi haliingii jikoni



Leo tunaanza na kosa letu sisi wenyewe. Tulipofanya formasyo ya pipa la moshi hapa Baraka, ilikuwa kiangazi. Tuliwasha moto uwanjani, upepo unapita, samaki wakatoka wazuri, kila mtu akafurahi. Maneno ya mvua hatukusema. Mvua ilipoanza, mama mmoja wa kikundi aliingiza pipa jikoni juu samaki walikuwa bado nusu, akafunga mlango. Jirani aliyekuja kuomba chumvi ndiye aliyemkuta amelala chini, yeye na mtoto wake. Waliwatosha nje, wakapona. Wengine walisema malaria, wengine wakaanza kutafuta mchawi.

Haikuwa malaria, na mchawi hakuna. Makala ikiwaka inatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Moshi wa kuni unakuuma macho, unakimbia mwenyewe. Lakini makala iliyoshika vizuri haikuambii kitu. Kichwa kinauma, unasikia kutapika, miguu inakuwa mizito, na ukilala ndani ya ile hewa unaweza usiamke. Kufungua dirisha haitoshi. Mtu akionyesha hizo dalili, mumutoshe nje mara moja, kisha kituo cha afya, hata akisema amepata nafuu. Na usiku musiingize pipa ndani kwa kuogopa wezi: makala iliyofunikwa na majivu inaendelea kuwaka hata kama unaona imezimika.

Sasa kazi yenyewe. Wengi tulizoea, hata kule Nyarugusu na Lugufu, kuweka samaki juu ya moto wazi. Mafuta ya mikeke (wale watu wa Kigoma wanaita migebuka) yanadondoka kwenye moto, yanaungua, na ule moshi mweusi unarudi kwenye samaki. Unaharibu ladha, na si mzuri kwa mwili. Ndiyo maana katikati ya moto na waya wa samaki tunaweka beseni la maji. Mafuta yanaangukia kwenye maji, na joto linatulia, samaki hawaungui nje wakiwa wabichi ndani.

Lakini maji yanaisha, na hapa ndipo wengi wanashindwa. Beseni likikauka, joto linapanda haraka na yale mafuta yanaweza kushika moto. Muchungulie kila mara, muongeze maji ya moto, si ya baridi, polepole, kwa mlango wa pembeni. Maji yasimwagikie makala: mvuke na majivu vitakuruka usoni. Kifuniko cha juu kikifunguliwa ovyo, joto lote linatoka na makala inaliwa bure, na bei ya kiloba munaijua.

Makala muwashe kwa vijiti vikavu. Si kwa saashe, si kwa petroli. Mungoje mpaka ipate majivu meupe juu ndipo muweke samaki. Moto ukizidi, mupunguze tundu la chini. La juu libaki wazi kidogo. Kwa harufu, vipande vichache vya mwembe au mpera mkavu vinatosha. Mbao zenye rangi, hapana. Na pipa lililobeba dawa ya mashamba tusilinunue hata kama ni la bure. Lile la mafuta lioshwe kabisa kabla fundi hajalikata kwa moto, juu mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Samaki apasuliwe, utumbo na mashavu vitoke, alowe kwenye maji ya chumvi, kisha achuruzike mpaka ngozi ikauke. Akiingia na maji, anachemka tu. Ameiva nyama ikiachana na mfupa bila kuvuta.

Kuna jambo moja wengi hawapendi kusikia: samaki wa beseni la maji ameiva, lakini hajakauka. Ni wa kuuza leo na kesho. Kikundi kimoja kilipeleka mzigo Fizi, ukafika na ukungu, pesa ya likilimba ikapotea. Kama ni wa safari, mafuta yakiisha kudondoka mutoshe beseni, mufunike makala na majivu, mukaushe kwa moto mdogo mpaka samaki awe mwepesi mkononi. Apoe kabisa ndipo aingie kikapuni. Ukimfunga angali moto, anatoa jasho, anaoza.

Tunabaki na swali la mvua. Tunapendekeza kikundi kitoe pesa kidogo ya sanduku, kinunue manjanja na miti minne, tujenge kibanda kisicho na ukuta hata mmoja, kirefu, mbali na nyumba za nyasi. Sisi tutaleta misumari na fundi. Wenye parseli karibu na soko waandikishe majina kwa mama katibu kabla ya mkutano wa mwezi ujao.