Likizo ni Haki, Tarehe ni Mapatano

Askari aendapo likizo hupewa karatasi yenye tarehe mbili: ya kuondoka na ya kurejea. Tarehe hizo huamuliwa na mahitaji ya kikosi. Lakini mwenzi wake, aliyeajiriwa katika hoteli au duka mjini Kigali, hana kamanda. Ana mwajiri, na likizo yake hutawaliwa na sheria nyingine. Tarehe za wawili hao zisipokutana, mwaka hupita bila ya wao kukaa pamoja kwa utulivu. Hilo si jambo dogo kwa jamaa za wanajeshi na polisi ambao Rwanda ilianza kuwapeleka Cabo Delgado, nchini Msumbiji, Julai 2021.

Basi ni vema kila askari afahamu sheria inampa nini mwenziwe. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 humpa mfanyakazi likizo yenye malipo ya siku 18 za kazi kwa mwaka, yaani siku moja na nusu kwa kila mwezi. Kila atimizapo miaka mitatu kwa mwajiri yule yule, huongezewa siku moja. Hivyo mwenye miaka mitatu hupata siku 19, mwenye sita 20, na mwenye tisa 21. Hapo ndipo kikomo.

Idadi hiyo haina mjadala. Kinachozungumzwa ni wakati. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1970, ambao Rwanda imeuridhia, unaeleza kwamba mwajiri hupanga wakati wa likizo baada ya kushauriana na mfanyakazi, huku yakizingatiwa mambo mawili pamoja: mahitaji ya kazi na nafasi ya mtu kupumzika. Mkataba huo unaruhusu pia likizo kugawanywa, ilimradi kwa kawaida sehemu moja isipungue majuma mawili mfululizo.

Hiyo ndiyo maana ya likizo inayobadilika kulingana na hali. Si ruhusa ya mfanyakazi kujiondokea apendavyo, wala si ruhusa ya mwajiri kuisogeza mbele mpaka isahaulike. Ni mapatano ya watu wawili juu ya haki ambayo tayari ipo.

Iko hatari moja ya kuepukwa. Mwajiri aweza kusema, "Chukua fedha, ubaki kazini." Mwenye shida ya karo au kodi ya nyumba hushawishika. Lakini mkataba uliotajwa unapinga kuuzwa kwa likizo ya lazima, na sababu yake askari anaielewa kuliko watu wote: bunduki isiyosafishwa hukwama siku inapohitajika. Mwili na akili ya binadamu ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo askari akishaijua tarehe yake, na amwarifu mwenziwe mapema. Mwenziwe naye aombe kwa maandishi, si kwa maneno ya mlangoni. Na mwajiri akishakubali, asigeuke siku ya mwisho bila ya sababu nzito. Kwani ahadi ni deni, na deni hili hudaiwa na watoto wanaongoja nyumbani.