Kabla ya Kuomba Ufadhili wa Shahada ya Pili

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na vijana wahitimu, Lushoto



Tumeombwa tuzungumze juu ya masomo ya shahada ya pili, na hasa jinsi kijana anavyoweza kujipangia malengo ya kazi na ya elimu kabla hajaondoka. Tunashukuru kwa nafasi hii, kwa kuwa barua zinazofika ofisini kwetu zinafanana mno. Karibu zote zinasema: "Naomba msaada niendelee na masomo ili nijiendeleze na kuisaidia jamii." Ukimuuliza mwandishi anataka kusoma nini, anakutajia jina la chuo. Ukimuuliza atafanya kazi gani akimaliza, anasema Mungu atafungua njia. Mungu hufungua njia, hilo tunaliamini, lakini kamati iliyochangisha fedha kutoka kwa watu wanaouza kabichi na karoti ina haki ya kujua njia hiyo inaelekea wapi.

Tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu. Wengi wenu mnaikumbuka tauni. Ilizuka wilayani Lushoto mwaka 1980, ikawa inarudi mara kwa mara hadi mwaka 2004. Wagonjwa walioandikishwa walizidi 7,000, na mamia walifariki. Jambo lililowasumbua watu ni kwamba kijiji kimoja kiliugua tena na tena, na kijiji cha jirani, chenye baridi ile ile na mashamba ya namna ile ile, hakikuguswa. Kwa nini? Mtu yeyote aliyezika ndugu angeweza kuuliza swali hilo, hata kama hakumaliza darasa la saba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wakishirikiana na vyuo vikuu vya Ubelgiji, walilichukua swali lile na kuligawa. Wapo waliochunguza panya na viroboto, wapo waliochunguza umbo la milima na udongo, na wapo waliouliza mambo ya nyumbani: mahindi yanahifadhiwa wapi, watu wanalala wapi. Wapo Watanzania waliopata shahada ya uzamivu katika kazi hiyo.

Mwenye swali la namna hiyo hahangaiki kuchagua chuo. Swali lenyewe linamwonyesha fani, linamwonyesha mhadhiri wa kumsimamia, na linampa la kuandika katika andiko la utafiti. Aidha, baba yake shambani anaweza kueleza mwanawe amekwenda kusoma nini. Kwetu sisi hicho ni kipimo kizuri kuliko vingi vya ofisini.

Mfano wa pili ni Magamba. Irente kumekuwa na shule ya watoto wasioona tangu miaka ya 1960, na haja ya walimu wa elimu maalum si ngeni kwetu. Mwaka 2007 kilipofunguliwa chuo kikuu kishiriki pale Magamba, kikapewa jina la hayati Askofu Sebastian Kolowa, elimu maalum ilipewa nafasi ya mbele. Lakini chuo hakifundishi shahada ya kwanza bila wahadhiri wenye shahada ya pili na ya tatu, na watu hao hawapandwi masika wakavunwa vuli. Hesabuni wenyewe. Shahada ya kwanza miaka 3, kazi miaka 2, uzamili miaka 2, uzamivu miaka 3 au 4. Mtoto aliyemaliza kidato cha sita leo atakuwa tayari baada ya miaka 10 au 11, kama hakukwama popote. Kwa hiyo usharika unaosema "tunahitaji mtaalamu mwakani" umechelewa kwa miaka 10.

Sasa hiyo miaka 2 ya kazi ndiyo inayobishaniwa. Wazazi wengi husema kijana aunganishe masomo akiwa bado hajaoa, maana akianza kushika mshahara hatarudi darasani. Tunaielewa hofu hiyo, ila hatukubaliani nayo. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, lina nafasi za uzamili kwa fani za maendeleo, na sharti mojawapo ni uzoefu wa kazi usiopungua miaka 2 baada ya shahada ya kwanza. Kwa kawaida pia hawataki shahada hiyo iwe imepita miaka 6. Maana yake mwombaji ana kipindi kifupi cha kujaribu, na anayekaa nyumbani miaka 7 akisubiri ajira inayolingana na cheti chake amekipoteza. Ajitolee hospitalini Bumbuli, afundishe shule ya kata, ashike hesabu za chama cha wakulima. Huko ndiko atakakokutana na swali lake.

Kwa mabinti zetu jambo hili ni zito zaidi. Miaka hiyo hiyo ndiyo ya kuolewa na kuzaa. Kamati isimwambie binti achague moja. Ikae naye, na mume wake na mama mkwe kama wapo, waulizane mtoto atabaki na nani na kwa muda gani. Kikao hicho kifanyike kabla ya kujaza fomu, si baada ya barua ya kukubaliwa kufika.

Wala si lazima kwenda Ulaya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kinamwezesha mtumishi kusoma akiwa kazini, na kwa walio wengi kati yetu tunaona hiyo ndiyo njia inayofaa. Wanaokwenda nje wakumbuke kwamba shahada ya huko inabidi itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU; basi waulize mapema kama chuo wanachokitaka kinakubalika.

Mambo ya makaratasi tutayapita haraka, isipokuwa moja: majina. Cheti cha ubatizo kinasema Elizabeti, cha kuzaliwa Elizabeth, cha kidato cha nne kina jina la babu badala ya jina la baba. Tunacheka, lakini ufadhili unaweza kupotea kwa sababu hiyo. Rekebisheni sasa, kwa kiapo mbele ya wakili ikibidi. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS nao hutumika kwa miaka 2 tu, kwa hiyo usifanywe mapema kwa pupa.

Kwenu wafadhili wetu tuna ombi ambalo huenda hamkulitegemea. Mmezoea kulipa ada, na tunashukuru. Lakini ada mara nyingi hupata mlipaji mwingine, kama mwombaji amejiandaa. Kisichopata mlipaji ni ile miaka 2 ya kabla: posho ndogo ya kijana anayejitolea, nauli ya kwenda Dar es Salaam kufanya mtihani, pasipoti. Zaidi ya hapo, mhitimu wa shahada ya kwanza aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake akiajiriwa, kwa hiyo akiba yake huwa ndogo. Kiasi kinacholipia mwaka mmoja wa ada ya nje kinaweza kuwaandaa vijana kadhaa hapa Lushoto.

Kwa upande wa kamati, barua ya utambulisho isiseme tu kwamba mhusika ni Mkristo mwema na anashiriki kwaya. Nafasi za Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani hupitia kanisa mwanachama, yaani maombi hayatumwi na mtu binafsi kwa njia zake. Kwa hiyo tunahitaji kutoka kwenu mambo matatu kwa maandishi: kazi aliyoifanya kwa miaka 2, swali analokwenda kulisomea, na nafasi itakayomsubiri akirudi, pamoja na jina la atakayemlipa. Hili la mwisho ndilo gumu. Kama hamna jibu, andikeni kwamba hamna, tulitafute pamoja kabla hajaondoka.

Fomu zipo ofisini kwetu. Wenyeviti wa kamati wazichukue leo kabla ya kupanda magari.