Hesabu ya Vijiti

Jumapili ya 18 ya Mwaka C
Injili: Luka 12:13-21



Injili ya Jumapili hii inaanza na ugomvi wa nyumbani. Mtu mmoja katikati ya umati anamwomba Bwana amwamuru ndugu yake agawane naye urithi, na Bwana anakataa kufanywa hakimu wao. Wahubiri wengi, nasi tukiwamo, hukimbilia upesi kwa yule tajiri mwenye ghala aliyefikiwa na kifo usiku uleule. Yule ndugu aliyedhulumiwa, kama kweli alidhulumiwa, tunamwacha amesimama palepale. Leo tunaomba turudi kwake, hata kama njia ya kumrudia itapitia mbali: mji wa San Sebastián, ambao wenyeji huuita Donostia, kaskazini mwa Hispania, katika Nchi ya Wabaski.

Tulifika huko tukitokea Loyola, mahali alipozaliwa Mtakatifu Ignasi mwaka 1491, ambaye sikukuu yake ya tarehe 31 Julai huangukia karibu na siku hizi. Familia iliyotukaribisha ilikuwa inasherehekea miaka 80 ya mama yao, nasi tukaalikwa kwenye chakula cha jioni. Katika lugha yao mama huitwa *ama*, na baba *aita*. Lugha hiyo haina undugu unaojulikana na lugha nyingine yoyote iliyo hai duniani, na hilo neno *ama* ndilo pekee tuliloweza kulishika bila taabu.

Ulaji wa huko una utaratibu wake. Juu ya kaunta hupangwa sahani nyingi za vipande vya mkate, na juu ya kila kipande samaki, au uyoga, au yai, au nyama, vimechomwa pamoja kwa kijiti kama kile cha kuchokolea meno. Kitafunwa hicho huitwa *pintxo*, jina lililotokana na neno la Kihispania la kuchoma kitu kwa ncha. Wageni husema *tapas*, na mwenyeji akisikia hivyo hukunja uso kidogo. Kimoja hakina hata mkate: ni zeituni, pilipili ya kijani ya siki na samaki mdogo wa chumvi katika kijiti kimoja. Huitwa *gilda*, kwa jina la filamu ya mwaka 1946, jambo ambalo padre hana haja ya kulieleza zaidi. Watu wengi hula wamesimama. Mama yetu alipewa kiti pembeni, akatawala kutoka hapo.

Lakini lililotushangaza lilikuwa jambo lingine. Katika mikahawa ya namna hiyo ya desturi za zamani, mlaji hujichukulia mwenyewe, na hakuna anayeandika. Vijiti unavibakiza katika sahani yako. Mwishoni mhudumu anakuuliza umekula vingapi, unamtajia, naye anakuamini.

Basi, wana wa mama yule walikuwa wawili, na kwa miaka mingi hawakuwa wamekula pamoja. Sababu ilikuwa shamba. Desturi ya kale ya Wabaski ni kwamba nyumba ya shamba na ardhi yake havikatwi vipande. Hupewa mtoto mmoja, na wengine hutafuta riziki baharini, ng'ambo, au utawani. Nchi ni ya milima, na shamba likigawanywa halimlishi mtu. Wasikilizaji wetu mnaoishi penye mashamba ya mteremko na vijana wengi, hesabu hiyo mnaijua. Ignasi mwenyewe alikuwa kitindamimba katika nyumba ya watoto wengi, na ngome ya Loyola ilimwangukia kaka yake. Aliporudi kwao mwaka 1535 alikataa kulala katika ngome hiyo, akakaa katika hospitali ya maskini. Tumehubiri mara nyingi juu ya ufukara huo. Hatujawahi kuhubiri juu ya kaka yake, jinsi alivyojisikia mdogo wake alipoipita nyumba yao.

Jioni ile kaka mkubwa ndiye aliyeanza. Alizungumza Kihispania kwa heshima yetu, na laiti asingefanya hivyo, maana tulielewa yote. Alihesabu miaka ya kukamua ng'ombe alfajiri, safari za kumpeleka mama kwa daktari, sikukuu za Noeli ambazo mdogo wake hakufika. Mdogo naye akahesabu: alitoka nyumbani kijana mdogo akapanda meli ya wavuvi, na fedha yake ndiyo iliyoezeka paa ambalo kaka yake analala chini yake. Kila mmoja alikuwa na daftari la mwenzake kichwani, limeandikwa vizuri, halina kosa hata moja. Tunasema halina kosa, kwa sababu tunaamini wote wawili walisema kweli.

Mama aliwaacha wamalize. Kisha akasema, bila kuinua sauti, kwamba mahali pale kila mtu huhesabu vijiti vyake.

Hatujui kama alikuwa anafikiri juu ya Mtakatifu wa nchi yake. Sisi tulimfikiri. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichochapwa mwaka 1548, Ignasi anamtaka mtu achore mistari miwili kwa kila siku ya juma, mmoja wa mchana na mmoja wa jioni, na kutia nukta juu ya mstari kila alipoanguka katika kosa lile analopigana nalo. Nukta za juma hili hulinganishwa na za juma lililopita. Hakuna mstari wa makosa ya kaka, wala wa mke, wala wa jirani. Tuliufundishwa utaratibu huo seminarini tukauona kuwa ni wa kitoto. Tangu jioni ile, tunakiri, hatuuoni hivyo.

Mhudumu alikuja kuuliza. Kaka mkubwa akatazama sahani yake akasema saba. Mdogo alikuwa na vijiti vinane, nasi tuliviona. Akasema kumi, kwa sababu viwili vilimwanguka chini alipokuwa anabishana. Kaka yake akainama, akachungulia chini ya kaunta, akaviokota, akaviweka katika sahani ya mdogo wake. Halafu akasema kwamba na yeye alisahau kimoja, alikula alipoingia tu mlangoni.

Mama alilipa vyote. Alikataa kabisa kusaidiwa. Njiani kurudi wale ndugu wawili walitangulia mbele yetu katika mtaa mwembamba, wakizungumza kwa muda mrefu. Walisema nini hatuwezi kuwaambia. Walizungumza Kibaski.